Kenchi ya pande mbili sawa: mwongozo kamili wa kutumia ulinganifu kupata jengo jepesi, imara na la bei nafuu

Mwongozo huu ni wa mafundi na wanafunzi wa ujenzi huku kwetu Malindi na Lamu, na yeyote anayechora kenchi (fremu ya pembetatu inayobeba paa), stendi ya tangi au banda la makuti na anataka litoke jepesi na bado lihimili upepo wa kusi. Tutaongea ulinganifu, yaani upande wa kushoto kuwa sawa na wa kulia kama kwenye kioo. Watu wengi wanauchora kwa mazoea tu, kenchi imekuwa hivyo tangu zamani basi na yangu iwe hivyo, na hawajui kwamba ulinganifu ukithibitishwa kabla ya kutumiwa unakukatia hesabu nusu, na usipothibitishwa unakupa jibu la uongo linalovutia macho. Ushahidi wa hayo yote mawili uko huko chini, kwa namba.

Shika kalamu na karatasi usome ukichora, manake bila mchoro hapa utapotea.

Mfano wetu

Banda la kutengenezea mashua na injini, karibu na ufuo wa Malindi. Upana mita 8, kenchi moja kila mita 2, paa la mabati, kilele kimeinuka mita 2 katikati. Chora mstari wa chini wenye jointi tano: A kwenye ukuta wa kushoto, B mita 2 mbele yake, C katikati kabisa (mita 4), D mita 6, E kwenye ukuta wa kulia. Juu weka F juu ya B kwa urefu wa mita 1, G juu ya C kwa mita 2 (hicho ndo kilele), H juu ya D kwa mita 1. Unganisha: mteremko A-F-G na G-H-E, mbao ya chini A-B-C-D-E, za wima F-B, G-C na H-D, na za mshazari F-C na H-C. Hesabu memba zako, yaani vipande vya kutoka jointi hadi jointi, lazima ziwe 13.

Mzigo tutachukua 1 kN kwa kila mita mraba (kN ni kilonewton, kipimo cha nguvu; kN 1 ni kama uzito wa kilo 100 hivi), namba nyepesi ya kujifunzia, ikijumlisha mabati, mbao zenyewe na fundi akipanda juu. Kazi yako halisi ichukue mizigo kutoka kwenye kanuni za ujenzi za Kenya, usinakili hii yangu.

Hatua ya 1: thibitisha ulinganifu, usiuone kwa macho tu

Kuna vitu vinne vya kupima, na vyote lazima vipite. Umbo: kila memba ya kushoto ina pacha wake kulia, urefu uleule, unene uleule. Malighafi: sio kushoto mbao iliyokauka na kulia mbao mbichi iliyoshuka kwenye lori asubuhi ile. Sapoti: pande zote mbili zimekalia kitu chenye ugumu unaofanana. Na mizigo.

Sapoti ndo inawaangusha wengi. Utakuta banda upande mmoja limekalia ukuta wa mawe ya matumbawe wa zamani, nene, halitikisiki, alafu upande wa pili limekalia nguzo za mikoko zilizochimbiwa mchangani. Kwenye karatasi kenchi inalingana vizuri sana, lakini nguzo zikizama kidogo au zikiyumba na upepo, jengo zima linaacha kulingana. Tena ukiwa na ukuta mgumu upande mmoja tu, upepo ukisukuma paa, paa halisogei moja kwa moja, linazunguka, kwa sababu nguvu ya upepo inapita katikati na ugumu wote uko pembeni. Kuzunguka huko ndo kunapasua kona na kung'oa misumari. Tiba ni mbili: ongeza mbao za mshazari upande wa nguzo mpaka ugumu ukaribiane, au kubali kwamba jengo halilingani ulipigie hesabu zima. Kujifanya hujaona sio tiba.

Mwaka 1894 mwanafizikia Mfaransa Pierre Curie aliandika kwamba ulinganifu ulio kwenye sababu lazima uonekane kwenye matokeo. Kwa lugha ya saiti: vitu vinne hivyo vikilingana, na jengo likiwa ni la kawaida halijafika hatua ya kupinda ghafla (memba inayobanwa kwa ncha zake kujikunja pembeni), nguvu za ndani na kusogea kwake pia vitalingana. Hiyo sentensi ya "halijafika hatua ya kupinda ghafla" iweke alama, tutairudia hatua ya 6 na ni nzito kuliko inavyoonekana.

Hatua ya 2: orodhesha mizigo yote ya maisha ya jengo, alafu igeuze

Hapa ndo penye utamu wa mada nzima. Mtu atasema, sasa upepo unatoka upande mmoja, winchi imening'inizwa kushoto, huo ulinganifu uko wapi? Jibu ni kwamba huangalii mzigo mmoja mmoja, unaangalia orodha nzima. Andika kila hali ambayo jengo litaipitia. Alafu geuza kila moja kushoto kwenda kulia. Kama kila hali iliyogeuzwa nayo imo kwenye orodha, basi orodha inalingana, na jengo linaweza kuchorwa pande sawa ingawa hakuna hata siku moja litabeba mzigo uliolingana.

Nenda Matondoni kule Lamu uangalie jahazi likiundwa. Tanga liko upande mmoja, upepo unapiga ubavu mmoja, chombo kinainama, mataruma (mbavu za chombo) ya upande mmoja yanabanwa na ya upande wa pili yanafanya kazi tofauti kabisa, yaani baharini jahazi halibebi mzigo wa kulingana. Na bado mafundi wanaliunda ubavu sawa kwa sawa kutoka mkuku, ule mti wa chini kabisa, kwenda juu, kwa sababu chombo kinachoenda na kaskazi kikarudi na kusi kitapigwa ubavu huu na kitapigwa ubavu ule. Orodha ya mizigo yake ndo inalingana. Hiyo ni kazi ya injinia kamili, na imefanyika hapa pwani bila kompyuta.

Kwa banda letu: upepo kutoka kushoto na upepo kutoka kulia. Kusema kweli ufuoni hazilingani, upande wa bahari uko wazi na upande wa mji una nyumba na minazi ya kuvunja upepo. Fanya hivi, chukua ule mkubwa, uweke pande zote mbili kwenye orodha. Utalipia mbao kidogo zaidi upande wa mji, lakini utapata kenchi isiyo na mbele wala nyuma, haiwezi kupandishwa kinyume, na fundi anakata vipande vya kushoto na kulia kwa kipimo kimoja. Kwangu mimi hiyo ni biashara nzuri karibu kila mara. Isipokuwa jengo likiwa kubwa sana au kenchi ziwe za chuma nyingi, hapo piga hesabu kama tofauti inafaa.

Winchi ya mnyororo ya kunyanyulia injini: itaning'inizwa kwenye jointi B, mzigo 2 kN, nimeweka na akiba ya mshtuko. Leo B, kesho mwenye banda ataamua kuihamisha D. Weka zote mbili.

Hatua ya 3: kata katikati

Chora mstari wa wima ukipita G na C. Bakisha nusu ya kushoto tu. Sasa kwenye mstari wa kati unaweka masharti, na haya ukiyakosea kila kitu kinaharibika:

- Mzigo ukiwa umelingana, jointi za kwenye mstari (G na C) haziwezi kwenda kushoto wala kulia, zinaweza kupanda na kushuka tu. Na kama memba inaukatiza mstari bila kukatika, haizunguki pale.
- Mzigo ukiwa kinyume, yaani upande mmoja unasukuma chini na wa pili unasukuma juu kwa kiasi kilekile, ni kinyume chake: jointi za katikati haziwezi kupanda wala kushuka, zinaruhusiwa kwenda pembeni. Na memba iliyolala juu ya mstari wenyewe haina nguvu yoyote, sifuri.
- Memba iliyo juu ya mstari wa kati (yetu ni G-C) imepasuliwa mara mbili, kwa hiyo nusu yako ina nusu ya unene wake. Mzigo wa kileleni pia, nusu.

Hilo la mwisho ndo linasahaulika kuliko yote. Kilele chetu kina mzigo wa 4 kN. Kwenye nusu kenchi unaandika 2. Nguvu utakayopata kwenye nusu ya G-C unazidisha kwa 2 ndo upate nguvu ya nguzo nzima. Ukisahau, nguzo ya kati itatoka na jibu la uongo, na hakuna kitu kwenye karatasi kitakachokuonya.

Hatua ya 4: piga hesabu ya nusu

Kila kenchi inabeba 8 × 2 × 1 = 16 kN. Gawa kwenye jointi za juu: A 2, F 4, G 4, H 4, E 2. Kwa ulinganifu kila ukuta unabeba 8, hapo hujaandika hata mlinganyo mmoja.

Mteremko wetu unapanda 1 kwa kila 2, sine yake ni 0.447 na kosine 0.894.

Jointi A: ukuta unasukuma juu 8, mzigo wa pale 2, inabaki 6. Kwa hiyo A-F inasukumwa (yaani inabanwa kwa ncha zake mbili) kwa 6 ÷ 0.447 = 13.42 kN, na mbao ya chini A-B inavutwa kwa 12. Jointi B haina mzigo kwa sasa, basi F-B ni sifuri na B-C ni 12 vilevile. Jointi F: A-F inaleta 13.42, inagawana kati ya F-G na F-C, jumla yao lazima iwe 13.42; na kwa wima, zile 6 zinazopanda zikitolewa mzigo wa 4 inabaki 2, kwa hiyo tofauti yao ni 2 ÷ 0.447 = 4.47. Jumla 13.42, tofauti 4.47: F-G ni 8.94 na F-C ni 4.47, zote zinasukumwa. Kilele: miteremko miwili inasukuma juu 8, mzigo ni 4, kwa hiyo nguzo ya kati G-C inavutwa kwa 4.

Umemaliza. Upande wa kulia andika namba zilezile. Jikague kwenye C: mishazari miwili inasukuma chini 2 na 2, nguzo ya kati inavuta juu 4, imefunga.

Hatua ya 5: mzigo wa upande mmoja, ugawe mara mbili

Sasa ile winchi, 2 kN kwenye B peke yake. Huna haja ya kurudi kwenye kenchi nzima. Mzigo wowote juu ya jengo linalolingana unagawika kuwa sehemu mbili: iliyolingana (1 kN chini kwenye B na 1 kN chini kwenye D) na ya kinyume (1 kN chini kwenye B, 1 kN juu kwenye D). Zijumlishe utaona unarudi kwenye 2 na 0.

Sehemu iliyolingana: kila ukuta unabeba 1. A-F 2.24, mbao ya chini 2, F-B inavutwa 1, F-G na F-C kila moja 1.12, nguzo ya kati 1.

Sehemu ya kinyume: ukuta wa kushoto unasukuma juu 0.5 tu. A-F 1.12, mbao ya chini 1, F-B 1, F-G sifuri, F-C 1.12, nguzo ya kati sifuri, kama tulivyosema.

Upande wa winchi unajumlisha: A-F 3.35, mbao ya chini 3, F-B 2, F-G 1.12, F-C 2.24, nguzo ya kati 1. Upande wa pili unatoa: H-E 1.12, mbao ya chini 1, H-D sifuri, G-H 1.12, H-C sifuri. Hebu kagua kwa njia ya kawaida, winchi iko mita 2 kutoka A kwa hiyo A inabeba 1.5 na E inabeba 0.5, 1.5 ÷ 0.447 ni 3.35, na 0.5 ÷ 0.447 ni 1.12. Sawasawa kabisa.

Kwa kuwa winchi inaweza kuwa B au D, kila pacha anachukua namba kubwa. Jumlisha na uzito wa paa: A-F 16.8, F-G 10.1, mbao ya chini 15, F-B 2, F-C 6.7, nguzo ya kati 5. Hizo ndo namba za kuchagulia mbao.

Upepo wa kunyanyua, usiupite haraka

Paa la mabati ni jepesi, na upepo mkali haulisukumi chini, unalivuta juu. Tuseme kwa mfano upepo unavuta 1.5 kN kwa mita mraba na uzito halisi wa paa bila watu ni 0.3. Inabaki 1.2 kwenda juu. Kwa makisio ya kwanza chukua zile namba za hatua ya 4 uzidishe kwa 1.2 na ugeuze alama: kilichokuwa kinavutwa sasa kinasukumwa. Mbao ya chini iliyokuwa inavutwa 12 sasa inasukumwa 14.4. Mbao ndefu nyembamba ambayo fundi aliiweka akijua kazi yake ni kuvutwa tu. Tunaenda nayo hatua inayofuata.

Hatua ya 6: rudi kwenye jengo zima kwa ajili ya kupinda

Leonhard Euler tangu 1744 ametuachia fomula ya nguzo inayopinda: nguvu = π² × E × I ÷ (urefu × urefu). E hapa ni ugumu wa mbao yenyewe, sio ile jointi E, na I ni ugumu unaotokana na umbo la mkato wake. Chukua mbao ya 4 kwa 2, milimita 100 kwa 50, imesimama. Kupinda kwenda pembeni, I yake ni 1,041,667 mm⁴, na E ya mbao laini tuweke 7,000 N kwa mm².

Mbao ya chini bila kushikwa popote kwa mita 8: inapinda kwa 1.1 kN. Upepo unataka 14.4. Yaani haifiki hata moja ya kumi, na hii ndo kenchi utaikuta imesimama kwenye mabanda mengi, inasubiri upepo wa siku moja.

Ukiishika katikati, kwenye C, kwa mbao inayoenda kenchi hadi kenchi hadi mwisho wa banda, inapanda hadi 4.5 kN. Ukiishika kila jointi, B, C na D, inafika 18 kN. Mbao ni ileile, nguvu imezidi mara kumi na sita. Hiyo 18 ni ya nadharia bila akiba ya usalama, kwa hiyo kwa 14.4 bado haitoshi, weka mbao mbili zilizofungwa pamoja kwa bolti.

Sasa lile nililokuambia uweke alama. Chukua ile hali ya kushikwa katikati tu. Ukipiga hesabu ya kupinda kwa nusu kenchi ukatumia masharti ya kulingana, yaani pale C haisogei na haizunguki, utapata 9.2 kN. Ukweli ni 4.5. Umejipa nguvu mara mbili ambayo haipo! Sababu yake: mbao iliyoshikwa katikati inapenda kupinda kama herufi S, nusu moja kushoto na nusu ya pili kulia, na umbo hilo halilingani, kwa hiyo nusu kenchi yako yenye masharti ya kulingana haiwezi kuliona hata kidogo. Jengo limelingana, mzigo umelingana, na kuanguka kwake hakukulingana.

Kwa hiyo kanuni yangu haibadiliki: nguvu za ndani piga kwa nusu, kupinda kagua kwa jengo zima, au kagua nusu mara mbili, mara moja kwa masharti ya kulingana na mara ya pili kwa masharti ya kinyume, uchukue namba ndogo. Hata softiwea ikikuuliza kama unataka nusu modeli, kwenye kupinda na kutikisika kataa.

Na umbo la mbao yenyewe pia lina ulinganifu wake. Ile 4 kwa 2 ina ugumu mara nne upande mmoja kuliko wa pili. Mteremko A-F-G umeshikwa pembeni na mbao za mabati (zile zinazopigiliwa mabati juu yake), basi 4 kwa 2 iliyosimama inafaa pale. Mshazari F-C haushikwi na kitu, utapinda upande wake dhaifu, na hapo mbao ya mraba yenye eneo lilelile ina nguvu mara mbili ya 4 kwa 2 kwenye upande huo dhaifu. Ugumu uwe sawa pande zote pale tu ambapo hakuna kinachoshika.

Hatua ya 7: chagua vipimo, na ujue ulinganifu unakuhakikishia nini

Tuseme hadi hapa yadi ya mbao ina vipimo 5. Memba 13 bila ulinganifu ni michanganyiko 1,220,703,125. Ukifunga mapacha, memba tofauti zinabaki 7, michanganyiko 78,125. Alafu tumia akili ya fundi: mteremko A-F-G ni mita 4.5 hivi, ukate kipande kimoja kinene badala ya viwili, kwa sababu jointi ya ziada ni gharama kuliko mbao utakayookoa kwenye F-G, na mbao ya chini ni unene mmoja. Inabaki aina 5, michanganyiko 3,125, hata jedwali la kompyuta linaimaliza.

Lakini je, una uhakika kenchi bora kuliko zote imo ndani ya hizo zinazolingana? Kama vipimo vinaweza kuwa vyovyote, na unachotafuta ni ugumu mkubwa kabisa kwa uzito fulani, na orodha ya mizigo inalingana, jibu ni ndio, na ushahidi wake ni mfupi. Tuseme mtu amekuletea kenchi bora isiyolingana. Igeuze kwenye kioo, una kenchi ya pili yenye uzito uleule na ubora uleule. Sasa tengeneza ya tatu ambayo kila unene wake ni wastani wa hizo mbili. Uzito haujabadilika, imelingana, na hesabu inaonyesha haitalegea kuliko hizo mbili. Basi ile ya kulingana haizidiwi na yoyote. Ndo maana fremu nyepesi kabisa alizozitoa A. G. M. Michell wa Australia mwaka 1904, kwa mizigo iliyolingana, unaweza kuzichora kwa nusu bila hofu.

Hesabu ya wastani inavunjika vipimo vikiwa vya dukani tu. Chukua bamba zito lililofungwa kwenye reli lisiweze kuinama, limening'inizwa kwa vyuma viwili, kushoto na kulia. Mzigo unataka jumla ya sm² 3. Dukani kuna chuma cha sm² 1 na cha sm² 2. Ukilazimisha kulingana: 1 na 1 haitoshi, 2 na 2 ni 4. Usipolazimisha: 1 na 2 ni 3, umeokoa robo ya chuma. Wastani wa suluhisho hilo ungekuwa 1.5 na 1.5, na 1.5 haiuzwi. Watafiti kama Mathias Stolpe na George Rozvany wameliandikia hili kwa kirefu, kwamba vipimo vikiwa vya kuhesabika, bora kabisa linaweza kuwa lisilolingana.

Huku kwetu vipimo siku zote ni vya kuhesabika. Mikoko ya Lamu inauzwa kwa majina, fito, pau, mazio, boriti, nguzo, huwezi kuagiza kitu cha kati ya pau na mazio. Vyumba vya nyumba za mawe za mji wa kale ni vyembamba, chini ya mita 3 hivi, kwa sababu boriti ndo inafika hapo. Kwa hiyo ukishapata jibu la kulingana, jaribu kushusha kipimo kimoja upande mmoja tu uone kama linashikilia. Likishikilia na akiba ni kubwa, fikiria. Kwa kenchi ya mbao mimi nabaki na ya kulingana, manake mtu akiipandisha kinyume akiba yote imeisha.

Hatua ya 8: ulinganifu wa kuzunguka

Banda la makuti la duara, kama haya ya mahoteli ya Malindi, lenye pau 12 zinazokutana kileleni: kwa uzito wa makuti piga hesabu ya pau moja na kipande chake, moja ya kumi na mbili ya paa, basi. Upepo hauzunguki hivyo, unapiga upande mmoja, lakini unaweza kutoka pande zote, kwa hiyo pau iliyoumia zaidi ndo kipimo cha zote 12. Usisahau pete ya juu ya nguzo, pau zinasukuma nje na pete ndo inavutwa, ikikatwa sehemu moja kupitisha bomba ulinganifu wote umekufa.

Stendi ya tangi ya miguu minne ya mraba ina vioo vinne, viwili vya katikati ya pande na viwili vya kona hadi kona, ukiongeza na mizunguko unaweza kupiga hesabu ya moja ya nane kwa tangi lililojaa. Lita 1,000 ni karibu 10 kN, kila mguu 2.5. Tangi likikaa pembeni kidogo, au upepo ukipiga kona hadi kona, mguu mmoja unabeba zaidi kuliko wote. Upepo wa kona ndo unaoamua msingi, kwa hiyo mwelekeo huo lazima uwe kwenye orodha.

Hatua ya 9: saiti

Chora kenchi nzima sakafuni kwa chokaa au kamba kwa ukubwa wake halisi. Pima A hadi G na E hadi G, tofauti ikizidi milimita chache rekebisha kabla ya msumari wa kwanza. Kata mapacha pamoja, mbao mbili zimelala juu ya nyingine, msumeno mmoja. Panga mbao zilizonyooka kwenye A-F-G na F-C, zilizopinda kidogo ziende kwenye F-B. Mbao za mabati zikae juu ya jointi. Ikibidi ziwe katikati ya jointi, mteremko mbali na kusukumwa unainamishwa pia na mzigo, ongeza unene.

Ukishaisimamisha kenchi ya kwanza ishike kwa mbao za muda pande zote mbili, alafu mbao za kudumu za B, C na D zipigwe kabla ya mabati kupanda, zifungwe mwishoni kwenye ukuta au kwenye mshazari ulio imara. Kuta zote mbili ziwe na chuma cha kufunga kenchi chini, sio msumari peke yake, na karibu na bahari kiwe kimepakwa zinki. Baada ya msimu wa kusi wa kwanza panda uangalie mbao ya chini kwa jicho moja kutoka A hadi E: ikiwa imeanza kujikunja kama S, ongeza mbao ya kushikilia siku hiyohiyo.